Jiwe Lilifaa Jalalani, Likakataa Ghalani: Kisa cha Mkimbiaji na Mbwa, Mtwara

Kisa hiki kilitokea Mtwara mjini, katikati ya msimu wa korosho. Majina, mtaa, mwaka na kila alama inayoweza kumtambulisha mtu nimeviondoa, na mambo mawili matatu madogo nimeyabadilisha bila kugusa mtiririko. Aliyeng'atwa namwita Bi. S. Amelisoma andiko hili kabla halijatoka. Sehemu mbili aliona nimemtetea kupita kiasi, akataka nizifute, nami nimezifuta.

Mimi ni ofisa mifugo mstaafu. Nakimbia na kundi lake, ingawa siku hizi natembea zaidi kuliko kukimbia. Asubuhi ile nilipigiwa simu nikiwa bado na kikombe cha chai mkononi.

Usuli

Kundi letu lina watu kumi na mmoja. Lilianza kama mchakamchaka wa mtaani: mistari miwili, filimbi mbele, nyimbo, na watoto wakidandia nyuma. Wakati ule habari ya mbwa haikuwepo kabisa. Watu thelathini wanaoimba na kukanyaga lami kwa pamoja, mbwa huwapisha. Baadaye kila mtu akataka mwendo wake na saa zake. Tukabaki kukutana Jumamosi tu, siku nyingine kila mmoja na njia yake, mawasiliano yakawa kwenye kundi la WhatsApp. Hapo ndipo mbwa walipoanza kutuhusu, maana mbwa hukimbiza kinachokimbia, na mtu mmoja anayekimbia gizani bila sauti ni kitu tofauti kabisa na mchakamchaka.

Njia ya Bi. S. ilikuwa ya kilomita 8, kutoka nyumbani kwake kuelekea upande wa barabara ya Mikindani na kurudi. Ina mbwa wa aina mbili, na tofauti ya aina hizo ndiyo kiini cha kisa hiki.

Wa kwanza ni mbwa koko wa jalalani, wanne, wakati mwingine watano. Hawana mwenyewe. Wanakula vichwa vya samaki na makoko ya ugali, na tangu wakiwa watoto wamepigwa mawe na kila mtoto aliyepita pale akienda shule. Ukiinama tu, hata kama chini hakuna kitu, wanatawanyika.

Wa pili ni mbwa wa ghala, wawili. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwa korosho mkoani kwetu, msimu wa 2007/2008, korosho hulala ghalani zikisubiri mnada, na mzigo unapolala lazima kuwe na anayeulinda. Ghala ninalolisema ni dogo, la mtu binafsi, lina ukuta wa tofali na geti la bati. Mwenyewe alileta mbwa wawili msimu ulipoanza: mmoja wa rangi ya mchanga, mwenye kelele, na mmoja mweusi, mkubwa, mkimya. Wamekulia ndani ya ukuta, na katika maisha yao hakuna mtoto wa shule aliyewahi kuwatupia jiwe wakamkimbia. Walichofundishwa ni kwamba mtu anayeinama karibu na geti usiku ni mwizi.

Nigusie na jambo la kwetu Pwani. Wengi wetu tumelelewa kwamba mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Sina neno na mafundisho hayo, nami nimelelewa humo. Ila yametupa tabia moja ambayo haimo kwenye mafundisho yenyewe: tunajua kumfukuza mbwa, hatujui kumsoma. Nilipokuwa kazini nilikutana na wafugaji wa bara wanaojua mbwa wa jirani amekasirika kwa kutazama tu mkia. Sisi tunangoja abweke.

Wiki tatu kabla ya tukio, Kaka M. wa kundi letu alikimbizwa na mbwa mweusi hadi kwenye duka la kona. Akabadilisha njia. Dada N. alimkuta mbwa huyohuyo nje ya geti asubuhi mbili tofauti, akavuka barabara, akaendelea. Hakuna aliyesema. Nimerudi kusoma ujumbe wa kundi wa wiki hizo tatu: pongezi, picha za viatu vipya, na mabishano marefu kuhusu maji ya dafu.

Asubuhi yenyewe

Ilikuwa Jumatano. Bi. S. alitoka saa 11:20 alfajiri pamoja na Mwalimu H., mwalimu mstaafu anayekimbia kwa hatua fupi na bakora yake mkononi. Hakuna anayemuuliza kwa nini anakimbia na bakora. Kufika kilomita ya tatu Mwalimu alikuwa nyuma kama mita mia mbili, jambo la kawaida yao. Bi. S. alikuwa na kisikilizi kwenye sikio moja, la kushoto.

Walipopita jalalani wakiwa wanarudi, mbwa koko wawili waliinuka na kubweka. Bi. S. alipunguza mwendo, akainama, wakaondoka. Hata hakuokota kitu. Amefanya hivyo mamia ya mara.

Mita kama mia sita mbele ni ghala. Mbwa wa rangi ya mchanga alibweka akiwa ndani ya geti. Bi. S. alimtazama, akaona geti limemzuia, akaendelea. Hakujua kwamba mlinzi wa usiku alikuwa ameshafungua mlango mdogo wa pembeni ili atoe taka na kumngoja mwenzake wa zamu ya mchana. Mbwa mweusi alitokea mlango huo, upande wa kushoto, sikio lenye kisikilizi. Hakubweka hata mara moja.

Bi. S. alimwona akiwa hatua kama nane. Alifanya jambo sahihi: alisimama. Mbwa naye akasimama. Anakumbuka mkia umenyooka juu na haupepei, manyoya ya mgongoni yamesimama toka shingoni hadi kiunoni, na mdomo umefungwa. Wakatazamana. Anasema zilikuwa kama sekunde kumi. Ukitazama saa yake ya kukimbilia unaona mwendo ulikatika kwa sekunde kumi na nne.

Kisha akainama kuchukua jiwe.

Safari hii jiwe lilikuwepo, kokoto kubwa ya ukingoni mwa lami. Alipolishika na kuinua uso, mbwa alikuwa ameshapunguza umbali kwa nusu, kichwa chini, akinguruma. Alilirusha, likampita. Akageuka na kukimbia. Alipiga hatua tano au sita. Mbwa alimshika kwenye shavu la mguu wa kushoto, juu kidogo ya soksi, akamwangusha kwa magoti.

Mwalimu H. alishaanza kuja mbio. Alichofanya nakieleza kama alivyonisimulia, kwa sababu ni kizuri kuliko nilichowahi kufundisha. Hakumpiga mbwa. Alisimama mbele ya Bi. S., akaishika bakora kwa mikono miwili kama ubao kati yake na mbwa, na badala ya kumpigia mbwa kelele akampigia mtu: "Mlinzi! Mwite mbwa wako! Mlinzi!" Mlinzi akatoka na ufagio mkononi, akaita jina la mbwa mara mbili. (Jina hilo nimeliacha, maana mtaa mzima unalijua.) Mbwa akageuka, akarudi ndani kama vile hakuna lililotokea.

Dakika kumi na tano kwenye ndoo

Jeraha lilikuwa na matundu manne, moja limechanika kama urefu wa kucha ya kidole gumba. Damu ilikuwa ikitoka. Mlinzi alisema: "Shikamoo mzee. Pole sana dada. Tupake ndimu na chumvi, itakata sumu." Mama mmoja anayekaanga vitumbua jirani na ghala alikuja na ushauri mwingine: paoshwe mara saba, mara moja kwa mchanga.

Mwalimu H. alinipigia hapo. Nilimwambia maneno matatu: sabuni, maji, saa. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano kamili, na kisiingizwe kitu kingine chochote. Virusi vya kichaa cha mbwa vina utando wa mafuta, na sabuni huuvunja. Mchanga ndani ya tundu la jino huingiza uchafu wa pili juu ya wa kwanza, na ndimu huumiza tu.

Mama wa vitumbua hakubisha. Alichukua ndoo yake ya maji, akaukata mche wa sabuni kwa kisu kilekile cha kukatia karatasi za kufungia, akamkalisha Bi. S. kwenye kigoda. "Kaza moyo mwanangu," alisema, akaanza kumwagia kwa kopo. Saa ya Bi. S. ilikuwa bado inahesabu mbio. Mwalimu akaitumia hiyohiyo. Kufika dakika ya sita Bi. S. alisema inatosha, hata damu imekoma. Mwalimu akamwambia bado dakika tisa. Ndoo ikaisha, mlinzi akatumwa bombani na ndoo ya pili. Vitumbua vya kwanza vya siku ile viliungua vyote.

Ile suruali ya michezo na soksi Bi. S. alizifua nyumbani mara saba na udongo, kama alivyolelewa. Hilo lilimtuliza moyo na halikuingia kwenye kidonda. Kila kitu kilipata maosho yake.

Kutafuta chanjo

Kituo cha kwanza cha afya walichofika walisafisha tena, wakampa sindano ya pepopunda na dawa za kuzuia maambukizi, lakini chanjo ya kichaa cha mbwa hawakuwa nayo. Walimwandikia rufaa. Hapo palitokea kishawishi cha hatari kuliko kila kitu kilichotangulia. Mwenye ghala alikuwa amefika kwa pikipiki, ana wasiwasi kweli, na alikuja na kadi ya chanjo ya mbwa. "Mbwa wangu kachanjwa," alisema, "na hajawahi kumng'ata mtu. Dada apumzike tu nyumbani, gharama zote juu yangu."

Nilimwomba anisomee tarehe. Chanjo ya mwisho ilikuwa ya miaka miwili na nusu nyuma. Ilitakiwa irudiwe baada ya mwaka.

Waliendelea na safari. Hospitali ya pili walimwanzishia chanjo siku ileile: sindano ya siku ya 0, ya 3, ya 7 na ya 14. Jeraha lililopenya ngozi na kutoa damu liko kwenye daraja la tatu, la juu kabisa, katika mpangilio wa Shirika la Afya Duniani. Kwa daraja hilo, pamoja na chanjo, hutakiwa pia kinga ya papo kwa papo, imunoglobulini, inayochomwa ndani na kuzunguka kidonda ili imlinde mtu wakati mwili bado unajifunza kutengeneza kinga yake. Siku ile haikuwepo. Daktari alisema wazi kwamba haipo, akaeleza kwamba kidonda kilichooshwa vizuri mapema na chanjo iliyoanza siku ileile ni ulinzi mkubwa, na hakukishona kidonda, kwa sababu kushona jeraha la mbwa haraka kunaweza kusukuma virusi ndani zaidi.

Siku kumi za kumtazama mbwa

Mchana mtaa ulikuwa umechemka. Vijana walikwenda getini na marungu. Mwenye ghala, kwa nia njema kabisa, alinipigia kuniambia ameamua mbwa amalizwe jioni hiyo ili yaishe.

Nilimkataza kwa ukali ambao baadaye niliuombea radhi. Mbwa aliyeuma ni ushahidi. Virusi vikishafika kwenye mate ya mbwa, mbwa huyo huugua na kufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo mbwa anayefungwa, akalishwa, akatazamwa siku kumi na bado mzima, hakuwa akimwaga virusi siku aliyouma. Ukimuua jioni ile na kumfukia, umebaki na swali lisilo na jibu, na kulipima bongo lake maabara ni kazi kubwa kuliko kumfunga mnyororo na kumpa maji.

Ofisa mifugo wa kata alifika siku ya pili, akamfungia mbwa kwenye kibanda ndani ya ukuta, akamtazama kila siku ya tatu na kumpigia mlinzi simu siku za katikati. Alikuwa akitazama zaidi ya povu mdomoni. Watu hudhani mbwa mwenye kichaa lazima atoe povu na kumvamia kila mtu. Wapo wanaopatwa na kichaa cha kimya: taya linalegea, anashindwa kumeza, anajificha gizani, miguu ya nyuma inapooza. Mbwa mweusi alikula vizuri siku zote kumi. Ofisa anasema alinenepa.

Matokeo

Kidonda kilifunga ndani ya wiki tatu na kuacha kovu. Siku ya kumi ilipofika na mbwa ni mzima, Bi. S. angeweza kuacha chanjo kwa ushauri wa daktari. Alichagua kumaliza sindano ya nne. Sikumlaumu.

Alikaa wiki tisa bila kukimbia. Mguu ulipona mapema kuliko yeye. Anasema hata kubweka kwa mbwa kwenye televisheni kulimfanya ainue miguu juu ya kochi.

Gharama zilibebwa na mwenye ghala bila mvutano. Mvutano ulikuwa kwenye mbwa. Kikao kilifanyika ofisi ya mtaa, mbele ya mwenyekiti na mtendaji. Mwenye ghala alirudia kwamba mbwa wake hajawahi kumng'ata mtu. Mlinzi, aliyekuwa amekaa pembeni na kofia mapajani, akasema kwa sauti ndogo: "Tajiri, hajang'ata. Lakini kukimbiza ameshakimbiza. Yule kaka wa viatu vyekundu, na mwendesha bodaboda mmoja, na mtoto wa madrasa." Chumba kizima kikanyamaza. Kaka M., mwenye viatu vyekundu, alikuwa amekaa kiti cha nyuma yangu.

Iliandikwa karatasi yenye mambo manne: mbwa wachanjwe baada ya siku za uangalizi na kadi ipelekwe ofisi ya mtaa, wafunguliwe baada ya saa 4 usiku na wafungwe saa 10:30 alfajiri, mlango wa pembeni usifunguliwe mbwa akiwa huru, na ubao wa onyo uwekwe pande zote mbili za ukuta, si getini peke yake. Ubao wa upande wa pili bado haujawekwa hadi ninapoandika.

Uchambuzi

Jiwe

Nitaanza na jiwe kwa sababu ndilo ushauri ambao kila mtu hapa hutoa. Ni ushauri wa kweli kwa mbwa koko. Mbwa wa jalalani haogopi jiwe lenyewe, anaogopa kile kitendo cha kuinama, kwa sababu kila mara mtu alipoinama alifuatiwa na maumivu. Hilo ni somo alilofundishwa na mtaa. Mbwa wa ghala hakupitia shule hiyo. Kwake, mtu aliyesimama ameacha kuwa windo, na mtu anayeinama karibu na ukuta anafanya kile ambacho yeye amelishwa ili akizuie. Zaidi ya hapo, ukiinama uso na koo lako vinashuka hadi usawa wake na macho yako yanamwacha.

Bi. S. hakukosea kwa ujinga. Aliongozwa na mamia ya asubuhi ambazo jiwe lilifaa, ya mwisho ikiwa dakika nne tu kabla. Mtu aliyefaulu mara nyingi kwa njia moja huwa hana njia ya pili.

Zile sekunde kumi na nne

Naziona kama sehemu bora ya asubuhi nzima. Alisimama, na mbwa akasimama. Mbwa wa ukubwa ule hupita kilomita 30 kwa saa bila kujikaza. Bi. S. hukimbia kilomita moja kwa dakika saba, yaani kama kilomita 8 na nusu kwa saa. Mbio hizo hakuna namna ya kuzishinda, na kugeuza mgongo ndiko kunakomaliza mashaka ya mbwa.

Kilichokosekana ni hatua inayofuata baada ya kusimama. Kama angegeuza mwili ubavu, mikono ikashuka, macho yakamtazama mbwa mabegani badala ya kumkazia machoni, kisha akarudi kinyumenyume polepole kuelekea alikotoka, angekuwa anamwambia mbwa jambo moja tu: naondoka kwako. Mbwa mlinzi kwa kawaida hilo ndilo analolitaka. Akikaribia, mpe kitu kingine cha kuuma: chupa ya maji, kofia, ushungi uliozungushwa mkononi. Akikuangusha, jikunje, uso chini, ngumi zikifunika masikio na shingo, na unyamaze. Nimewafundisha watoto wa shule hilo la mwisho kwa miaka, wakicheka. Watu wazima hawakubali kujikunja chini barabarani, na nawaelewa.

Kuna wanaouliza kuhusu dawa ya pilipili ya kupuliza. Kwenye upepo wa asubuhi wa bahari yetu, aliyeipuliza ndiye atakayekohoa.

Kelele na ukimya

Bi. S. alimtazama mbwa aliyekuwa akibweka, akaridhika na geti. Mbwa anayebweka akiwa amefungiwa anatoa taarifa: kuna mtu anapita. Taarifa hiyo wenzake wanaisikia pia. Swali la kujiuliza pale lilikuwa mwenzake yuko wapi, na kwa sikio moja lililozibwa hakuwa na namna ya kulijibu. Sasa anakimbia masikio yote wazi. Anasema kwamba kwa mara ya kwanza anasikia jogoo wa mtaa mzima na amechukia.

Bakora ya Mwalimu

Watu waliponisimulia walisema Mwalimu alimchapa mbwa. Hakumchapa. Angemchapa, mbwa aliyefundishwa kupambana na fimbo angeng'ang'ania mguu au kuhamia kwake. Alichofaulu nacho ni kujua nani mwenye amri. Mbwa mwenye mwenyewe hutii sauti ya mwenyewe, na mlinzi alikuwa umbali wa ukuta mmoja tu. Bi. S. alikaa sekunde kumi na nne akizungumza na mbwa kwa macho, na kumbe mtu wa kuzungumza naye alikuwa anafagia nyuma ya bati.

Wiki tatu za kimya

Hapa ndipo ninapokasirika, na nimejihesabu mwenyewe ndani. Kaka M. aliona aibu kusema alikimbizwa hadi dukani. Dada N. aliona si jambo, amevuka barabara yameisha. Mimi nilipita pale mara mbili kwa miguu msimu huo, nikamwona mbwa mweusi akizunguka nje saa 12 asubuhi, na kama mtu wa fani nikajisemea moyoni kwamba mbwa yule atakuja kung'ata mtu. Nikaenda zangu kununua samaki. Kila mmoja wetu alijitafutia njia yake ya kuzunguka, na njia zile zote zikamwachia barabara mtu ambaye hakuwa na habari.

Mwenye ghala naye hakuwa na habari. Mlinzi hakumwambia kwa sababu alihofia kibarua. Hakuna aliyekwenda kumbishia hodi.

Kilichookoa

Maosho yalikwenda dakika kumi na tano na si sita. Chanjo ilianza siku ileile licha ya kadi. Mbwa aliachwa hai. Kati ya hayo matatu, la kadi ndilo lililokuwa karibu kabisa kwenda vibaya, kwa sababu lilitolewa kwa upole, na mtu mzima mwenye nyaraka. Kichaa cha mbwa huchukua mwezi mmoja hadi mitatu kujitokeza kwa walio wengi, wakati mwingine zaidi, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Mtu aliyelala nyumbani akiwa na kovu safi angejiona mzima wakati wote huo.

Kuhusu chanjo za mbwa wenyewe, tunajua mkoani kwetu kwamba inawezekana. Mradi wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, ulioanza 2010, ulipita Lindi na Mtwara. Nakumbuka foleni za watoto na mbwa waliofungwa kamba za katani, wengine wakiwabeba mabegani kama mbuzi. Ugonjwa husimama pale mbwa 7 katika kila 10 wanapokuwa na kinga, na kinga hiyo lazima irudiwe, kwa kuwa mbwa wetu huishi maisha mafupi na watoto wapya huzaliwa kila mwaka.

Kilichobadilika njiani

Kwenye kundi sasa kuna desturi ya kuandika mbwa kabla ya picha za viatu: kona gani, saa ngapi, wangapi, wana mwenyewe au hawana. Wiki iliyopita Dada N. aliandika kwamba jike wa jalalani amezaa chini ya kontena bovu, tupite upande wa pili hadi watoto wafungue macho.

Bi. S. amerudi barabarani, njia ileile, akikimbia mwendo wa Mwalimu. Wanapofika mita hamsini kabla ya ghala wanaacha kukimbia na kuanza kutembea, na Bi. S. anapaza sauti: "Mlinzi, habari za asubuhi!" Hawaendelei mpaka wajibiwe. Asubuhi nyingine mlinzi huchelewa, nao husimama pale gizani wakingoja, Mwalimu ameegemea bakora. Kisha unasikia mnyororo ukiburuzwa kwenye saruji, na sauti nyuma ya bati: "Nzuri, dada. Nimemfunga. Piteni."